Mahame Yetu

4 Machi, Tingi

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta kwenye semina. Bati la ofisi ya kijiji lilipiga kelele hata Daktari Benadetha wa chuo kikuu akanyamaza katikati ya sentensi, akasimama na maiki mkononi akitabasamu mpaka ilipopungua. Nilimpenda hapo hapo. Wasomi wengi wakikatizwa na mvua hukasirika kana kwamba imetumwa.

Semina ni ya mradi ambao bango linauita Ushirikiano wa Maendeleo Endelevu ya Kusini. Chuo kinaleta elimu, halmashauri inaleta sheria, kampuni inaleta mtaji. Misitu ya vilimani itunzwe, kampuni iziuzie nchi zenye viwanda hewa ukaa inayoshikwa na misitu hiyo, na sisi tupate visima na zahanati yenye dawa. Sikuona ubaya wake, na hata sasa ninapoandika siuoni.

Aliyenichosha ni Edwin, afisa maliasili wa wilaya, kijana mnene mwenye sauti ya mnadi.

"Wazee wangu, haya ni mafiga matatu! Figa la elimu, figa la serikali, figa la biashara. Chungu hakipinduki hapo!"

Alfani akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Mheshimiwa, mafiga tumeyaona. Kuni ni nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Edwin akaagiza maji ya chupa yagawiwe. Alfani ni mtani wangu. Watu wake wa uwanda wa Makonde na watu wangu, Wamatumbi wa milimani, wametaniana tangu enzi za mababu, na yeye huifanya kazi hiyo kama mwenye ajira.

Baadaye Daktari Benadetha akatandika ramani mezani, akaniita nikae karibu naye kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu wa Kiswahili.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisaidie majina. Huku nyuma ya kilima panaitwaje?"

"Marahaba. Hapo ni Nakiumbi," nikasema. "Ni mahame yetu."

"Mahame!" Alilirudia neno taratibu, kama mtu anayeonja asali. "Sijalisikia tangu bibi yangu afariki."

Akaliandika. Nilirudi nyumbani nikijivuna kama mtoto aliyepata maksi zote.

5 Machi

Nimemsimulia dada Stefania habari za semina. Alikuwa amekaa kibarazani, miguu imemvimba tena.

"Wanataka nini Nakiumbi?"

"Kulinda msitu, dada."

"Wamlinde na mama basi."

Tulitolewa Nakiumbi mwaka sabini na nne, siku za Operesheni ya kuwakusanya watu vijijini. Malori yalikuja, makuti ya nyumba yakatiwa moto ili tusirudi, tukamwagwa hapa kando ya barabara kwenye viwanja vilivyopigwa kamba. Mimi nilikuwa kijana, niliizoea Tingi kwa sababu ilikuwa na shule ya kufundisha. Stefania hakuizoea. Mpaka leo anapaita huku "kambini". Analima mchicha na muhogo, lakini hajapanda mti hata mmoja. Wakimwuliza husema mpangaji hapandi mnazi.

Kila mwaka, Novemba, tunakwenda kupalilia makaburi kule. Na kila mwaka, tukiwa njiani kurudi, dada husema lile lile. Leo amelisema bila safari.

"Sipriani, mimi usinizike kambini. Unilaze karibu na mama. Lakini si upande wa shangazi, unajua tulikuwa hatuelewani."

Nilimwahidi tena, kama ninavyomwahidi kila mara.

11 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

19 Machi

Tumekwenda Nakiumbi kwa gari la chuo. Njia imekuwa tope tupu. Tulisukuma mara kadhaa, na Edwin alikuwa wa kwanza kushuka na viatu vyake vya ngozi, nikamstahi kidogo.

Vijana wa chuo walipima miti kwa utepe, kisha wakachimba udongo na kuutia kwenye mifuko midogo. Daktari Benadetha alinieleza kwa uvumilivu kwamba udongo usiosumbuliwa hushika hewa ukaa nyingi sana, na jembe likiugusa hewa hiyo hupotea. Ana kipaji cha kueleza. Laiti ningekuwa na walimu wenzangu wa namna hiyo.

Niliwaonyesha makaburi. Alivua kofia, akasimama kimya mbele ya jiwe la mama. Bashiru, meneja wa kampuni, mtu nadhifu, mpole, mwenye simu mbili, naye akatulia. Kisha akapiga picha.

"Hapa ndipo bora kuliko pote," Daktari akawaambia vijana wake. "Tazameni udongo huu. Miaka yote hii hakuna aliyelima."

"Hatukulima kwa sababu wamelala watu," nikasema.

"Naelewa, Mwalimu. Mmepatunza vizuri sana."

Nilifurahi kusifiwa.

24 Machi

Dada ana homa. Mvua mchana kutwa.

3 Aprili

Ripoti ya mradi imeletwa ofisini, nzuri, yenye picha za rangi. Mwenyekiti wa kijiji alinipa niisome kwa sauti mbele ya wajumbe. Nilisoma kwa mbwembwe mpaka nilipofika ukurasa wa ramani. Nakiumbi yote imetiwa rangi ya kijani na kuandikwa: "Mahame. Ardhi iliyoachwa, haina wakazi wala matumizi."

Nikaacha kusoma. Wajumbe wakadhani nimepoteza mstari.

Haikuwa kosa la kamusi. Kamusi yangu nayo inasema mahame ni mahali palipohamwa na watu. Lakini hapa kwetu hakuna anayesema mahame peke yake. Husema mahame yetu, mahame ya kina fulani, mahame ya babu. Na mtu akisema hivyo anakwambia pana mwenyewe, pana wafu wake, pana mwembe ambao usichume bila kumwarifu. Mahame ndiyo ardhi yenye mwenyewe kuliko zote, kwa kuwa waliomo hawawezi kuiuza. Mimi nilisema "mahame yetu". Wao wakachukua nomino, wakaacha kimilikishi.

Na mtu aliyewapa nomino hiyo, katika kijiji kizima, ni yule aliyefundisha sarufi.

Wajumbe walipitisha ripoti. Kisima ni kisima, na watoto wanatembea mbali.

Alfani aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Wamatumbi bwana! Wamakonde tungesema 'shamba letu' tukanyamaza. Ninyi mnapenda maneno mazuri. Haya, liwaunguze sasa."

6 Aprili

Nimempigia Daktari Benadetha. Alinisikiliza vizuri, akasema neno litarekebishwa katika toleo lijalo la ripoti. Nimelala na matumaini mchana, jambo ambalo si kawaida yangu.

15 Aprili

Kizuizi kimewekwa njia ya Nakiumbi: boriti nyekundu na nyeupe, kibanda cha bati, na mlinzi. Mlinzi ni Rashidi, mtoto wa jirani yangu Tawakali, nilimfundisha darasa la nne. Ni kazi yake ya kwanza yenye mshahara wa kila mwezi. Tawakali, mama yake, amepika pilau.

16 Aprili

Mvua. Miguu ya dada imejaa maji mpaka magotini. Mganga wa zahanati aliniita pembeni, akasema ni moyo, tena akasema nisimchoshe kwa safari za hospitali.

17 Aprili

Nimekwenda wilayani Masoko kumwona Edwin, kuomba ruhusa ya kumzika dada Nakiumbi siku yake ikifika. Sikutaka nikumbwe na jambo bila kujiandaa.

"Mzee Sipriani, kwa kweli nakuelewa," alisema. Ofisini kwake sauti yake ni ndogo. "Lakini makaburi yale yameangukia ndani ya kitalu cha sampuli, pale chuo kinapopimia udongo. Udongo wa pale hauruhusiwi kufunguliwa mpaka mkataba uishe."

"Utaisha lini?"

Akatazama dirishani. "Sisi wote wawili hatutakuwapo, mzee wangu."

"Basi halmashauri itoe ruhusa. Ardhi si mmeitoa ninyi?"

"Sisi tumetoa, ndiyo. Lakini tukiruhusu bila kampuni, tumevunja mkataba. Muulize Bashiru."

Nikampigia Bashiru nikiwa bado kwenye benchi la nje. Alinisalimu kwa heshima zote, akauliza hali ya mgonjwa, akamwombea. Akasema kampuni haina tatizo kabisa na mila. Tatizo ni vipimo. Wanunuzi wanafuata vipimo, na vipimo ni vya chuo. Niwaulize chuo.

Nikampigia Daktari Benadetha. Alisema chuo ni washauri tu. Hakiwezi kuruhusu wala kukataza. Mipaka ni ya halmashauri.

Nilirudi ndani. Edwin aliponiona aliinamisha kichwa kabla sijafungua mdomo.

23 Aprili

Mafiga matatu. Nimezunguka tena kwa simu, kwa mpangilio mwingine, nikianza na chuo. Nimefika pale pale. Sina hata mmoja wa kumchukia. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na ukizijumlisha hizo kweli unapata ukuta.

Zamani, walipotutoa Nakiumbi, palikuwa na mtu. Alivaa kaunda suti, alisimama juu ya lori, akatoa amri, nasi tukamlaani kwa jina mpaka alipokufa. Sasa simwoni wa kumlaani.

28 Aprili

Mvua imebomoa choo cha Tawakali. Tumesaidiana kukisimamisha.

2 Mei

Dada amenitania leo, dalili kwamba anajua.

"Sipriani, kaburi langu umelipima? Usije ukanichimbia fupi kwa uvivu, mimi ni mrefu kuliko wewe."

"Tutakukunja," nikasema.

"Mkunje mkeo, akifufuka."

Tulicheka. Kisha akanishika mkono. "Kule wamekubali?"

Edwin alikuwa amenitumia ujumbe asubuhi: suala liko hatua nzuri, pande zote zitakaa kikao. Ujumbe wenyewe ndio huo, sina la kuongeza.

"Wamekubali," nikasema.

Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akaanza kunipa maagizo: nani asome sala, nani asiruhusiwe kulia kwa sauti kwa sababu huwa anaigiza, mwembe wa babu ukatwe tawi la upande wa magharibi maana unamdondoshea mama maembe mabovu. Niliitikia kila agizo.

9 Mei

Kikao cha pande tatu kimeahirishwa. Daktari Benadetha yuko ng'ambo kwenye mkutano. Anawasilisha mada kuhusu ushirikishwaji wa jamii. Ameniandikia kwamba picha ya jiwe la mama imo.

13 Mei

Dada Stefania amefariki alfajiri. Mvua.

14 Mei

Naandika yaliyotokea kwa mpangilio, kwa sababu nikiyaacha yatapangwa na hasira.

Jana asubuhi niliwaambia ndugu tumpeleke Nakiumbi. Katekista alinitazama, akasema, "Mwalimu, ruhusa ipo?" Nikasema inakuja. Nilidhani jeneza lingeweza kufanya kile ambacho simu zangu zilishindwa. Nilidhani mtu yeyote, akiliona, angeinua boriti.

Leo asubuhi tuliazima pikapu ya muuza mbao. Wanawake walipanda na jeneza, wanaume tukafuata kwa miguu na bodaboda, Alfani akiwa mbele na jembe begani kwa sababu watani ndio wachimbao kaburi. Njia nzima alikuwa akimtukana marehemu kwa utani: kwamba alikuwa mchoyo wa mchicha, kwamba mbinguni atapaita kambini. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na mimi kwa saa ile nilikuwa karibu na furaha. Tulikuwa tunakwenda nyumbani.

Rashidi alitoka kwenye kibanda na koti la mvua la kampuni. Alipoona jeneza alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Poleni sana. Bibi Stefania?"

"Ndiye. Tufungulie, mwanangu."

Hakusogea. Maji yalimtiririka usoni. "Mwalimu, nimeambiwa kuhusu kaburi. Wamenitaja kwa jina. Wamesema nikifungua, kazi basi."

"Rashidi!" Mama yake, Tawakali, aliita kutoka kwenye pikapu. "Bibi huyu ndiye aliyekubeba mgongoni nikiwa nimelazwa! Inua huo mti!"

"Mama, si mimi."

"Nani basi? Namwona mwingine hapo?"

Kijana alipiga simu kwa Bashiru, akaweka sauti ya juu ili tusikie. Bashiru alitupa pole ndefu. Akasema moyo wake uko nasi, ila kitaalamu ni suala la chuo. Tukapiga ya Daktari, haipatikani. Tukapiga ya Edwin. Alisema, "Msifanye chochote, nakuja," na sauti ikakatika.

Tulisimama. Jeneza lilikuwa limefunikwa turubai la kufunikia mbao, mvua inalipiga. Alfani alinijia karibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakutania.

"Tupite tu. Sisi wengi, yeye mmoja. Sema neno."

Vijana walinitazama. Boriti ilikuwa imefungwa kwa kufuli dogo la duka la kijijini; jembe moja lingetosha. Nilimtazama Rashidi, akitetemeka ndani ya koti kubwa kuliko mwili wake, nikamwona mama yake juu ya pikapu, ambaye sasa alikuwa ameacha kupiga kelele na kuinamisha uso. Alikuwa amekumbuka mshahara. Simlaumu. Nikaona pia tukishafika, tukachimba, tukazika, watakuja na karatasi. Na amri ya kumfukua itatoka kwa mtu ambaye naye atasema si yeye.

Nikasema turudi.

Kwetu maiti akishatoka hageuzwi. Nilikuwa najua hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuliona, kwa hiyo sikujua wanawake hufanyaje. Hawakulia. Walijifunika nyuso kwa khanga wote kwa pamoja, na pikapu ikaanza kurudi kinyumenyume kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, ikirudi hivyo hivyo mpaka njia panda, kichwa cha dada kikitangulia kule alikokataa.

Tumemzika leo Tingi, nyuma ya uwanja wa mpira, mahali halmashauri ilipopima makaburi kwa safu. Jirani yake wa kulia ni dereva wa lori aliyepata ajali hapa njiani. Hakuna ajuaye kwao.

Edwin alifika wakati shimo liko kifuani. Alikuja kwa bodaboda, bila gari la serikali, tope mpaka kiunoni: alikuwa amekwenda kwanza mpaka kizuizini, akatukosa. Hakunisalimu. Alivua shati, akaingia kaburini, akachukua sepetu kwa Alfani, akachimba mpaka likaisha. Mnene yule, nilidhani atazimia. Nimemdharau mtu huyu tangu Machi kwa sababu ya sauti yake.

Jeneza lilipotaka kushushwa, Alfani alifanya lile ambalo watani hufanya, akasimama kwenye mdomo wa kaburi na kuzuia.

"Simameni! Kibali kiko wapi? Nataka cha chuo, nataka cha serikali, nataka cha kampuni!"

Tawakali akacheka, kicheko kibaya, cha juu, na sisi wengine tukafuata kama watu wanaotapika. Edwin peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni juu ya lundo la udongo, analia waziwazi kama mfiwa.

Tukamshusha.

15 Mei

Mvua imesita.

22 Mei

Rashidi ameacha kazi. Nafasi yake wamempa kijana mwingine siku hiyo hiyo. Asubuhi vijana wenzake walikuwa wamejipanga mlangoni kwa mwenyekiti. Mama yake hanisalimu. Sijui kama ni kwa sababu sikuvunja kufuli au kwa sababu mwanawe hana kazi, na nadhani naye hajui.

30 Mei

Toleo jipya la ripoti limefika. Wamerekebisha. Sasa imeandikwa: "Mahame ya kihistoria."

7 Juni

Anga limetakata, upepo wa kusi umeanza. Masika yamekwisha. Nimepalilia muhogo wa dada. Ukikomaa sijui nitaupeleka wapi.

11 Juni

Daktari Benadetha amepiga simu leo mchana. Alikuwa na furaha ya kweli, ile niliyoipenda siku ya semina.

"Mwalimu, shikamoo! Tumeshinda! Pande zote tatu zimekaa, zimekubaliana. Kibali cha kuzika Nakiumbi kimetoka, kaburi moja, nje kidogo ya kitalu. Nimekipigania mimi mwenyewe, amini."

Ninaamini. Nikamwambia dada tumeshamzika.

Nilisikia akivuta pumzi, na nadhani alifuta machozi. Hana roho mbaya, sijawahi kusema anayo.

"Sikuambiwa," alisema. "Pole sana, Mwalimu. Pole sana." Kisha, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu cha kumpa mtoto aliyeanguka: "Kibali lakini bado kipo. Jina linaweza kubadilishwa. Kama wewe mwenyewe, siku ya siku, Mungu akipenda…"

Nilitazama nje. Kutoka kitini pangu milima haionekani. Sijui kwa nini sikuwahi kuligundua hilo. Niliwaza nikiwa nimelala kule karibu na mama, na Stefania huku peke yake, na yule dereva.

"Hapana," nikasema. "Mimi nitazikwa alipo dada yangu."

"Una hakika, Mwalimu? Maana ikiwa hakuna mwingine wa ukoo anayedai pale, itabidi tulifunge suala lenyewe."

"Lifungeni."

Nilisikia kalamu yake ikiandika. Akasema kwa kweli hilo litawarahisishia sana, hasa upande wa vipimo. Akanitakia afya njema, akanishukuru kwa ushirikiano.